Shimo Nililoliruka Mowlem

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya kuchora ramani za majengo, nilipewa kipande cha wembe. Nilikuwa nimevaa tai ya kuazima, nimechonga penseli tatu kutoka nyumbani, nikidhani nitachora ghorofa kabla ya chakula cha mchana. Mchoraji Mkuu, mzee mkali mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaniweka mbele ya karatasi ya ramani, ile nyembamba inayopitisha mwanga, akasema, "Kijana, hapa kwanza unajifunza kufuta." Wino wetu haukutoka kwa raba. Ulikwanguliwa kwa wembe, polepole, usije ukatoboa karatasi. Nilikwangua wiki tatu.

Ninyi mnaochora kwa kompyuta mnafuta kwa kidole kimoja, na sina kinyongo. Nawaeleza tu tulikotoka.

Kutoka pale nilihamishiwa kwa Mkuu wa Ujenzi, aliyesimamia nyumba mpya za mitaa ya Eastlands, Nairobi. Huyo hakujali mistari yangu mizuri. Alijali udongo. Kabla hujagusa penseli alikupeleka kwenye ploti mkachimbe shimo la majaribio, yaani shimo la kuangalia nyumba itakalia nini huko chini. Na huku kwetu chini kuna mambo. Kuna udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na kuna mahali palipochimbwa mawe zamani, mashimo yakajazwa takataka kisha pakasawazishwa. Ukisimama juu huoni tofauti yoyote. "Umechimba?" ndilo lilikuwa swali lake la asubuhi, kabla hata ya salamu.

Nilisoma masomo ya jioni kwa miaka mingi, nikasajiliwa kuwa msanifu majengo, nikapata mhuri wangu. Nilipochoshwa na wakubwa nilifungua ofisi mtaa wa Mowlem, huko huko Eastlands, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Watu wengi wa mtaa waliona kumwajiri msanifu kwa ajili ya kuongeza vyumba viwili ni maringo tu. Fundi yupo, mawe yapo, msanifu wa nini? Na waliokubali walikuja na desturi moja iliyonikera miaka yote: kuazimana ramani. Nyumba za mtaa zilijengwa kwa mfano mmoja, kwa hiyo mtu akishapata ramani ya kupandisha ghorofa, jirani anaiomba vile anavyoomba ngazi. Niliwafukuza wengi. Nilikuwa na mdomo mchafu, nakiri.

Barasa sikumfukuza. Alikuwa mfanyakazi mstaafu wa reli, na kanisani tuliimba besi pamoja. Kiharusi kilimpata, upande mmoja wa mwili ukafa. Mkewe, Mama Nafula, akaja ofisini kwangu moja kwa moja kutoka hospitali, kadi bado iko mkononi. Daktari alikuwa tayari kumruhusu mzee, lakini nyumba yao ilijaa watoto na wajukuu, na milango haikupitisha kiti cha magurudumu. Alitaka wengine wajengewe juu, chini pabaki pa mzee.

"Baba Sarah, mzee analia kila siku, anataka kwake," akaniambia. "Anasema hataki kufia kwa watu."

"Nitachora, Mama Nafula. Lakini lazima tuchimbe kwanza, halafu mhandisi apige hesabu zake. Nipe miezi miwili."

"Miezi miwili? Na si ulimchorea huyu jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu? Si ni nyumba ile ile, mlango kwa mlango, dirisha kwa dirisha?"

"Nyumba ni ile ile, lakini udongo..."

"Wewe ni mtu wetu, Baba Sarah. Ukikataa, tutakimbilia kwa nani?"

Niliona aibu kumwambia la. Alipoondoka nilitoa ramani ya jirani, nikachukua wembe, nikakwangua nambari ya ploti na kuandika ya Barasa. Ripoti ya udongo na hesabu za mhandisi nikaambatanisha zile zile. Nikagonga mhuri wangu. Ilikuwa kazi safi, hata alama haikuonekana, na nilijiambia kwamba natenda wema.

Siku fundi alipokuwa akichimba msingi wa nguzo za kubeba ghorofa nilipita kuangalia. "Mzee, usijali, hii ground iko fiti," akasema. "Si ni ile ile ya huyo jirani?" Nikaitikia kwa kichwa, nikaenda zangu.

Barasa alirudi nyumbani. Walimsukuma kupitia mlango mpana, akaupapasa mwimo kwa mkono wake mzima, akacheka kwa mdomo uliopinda. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuifurahia kazi yangu namna ile.

Masika yakaja. Kona ya nyuma ya nyumba ikazama. Kwanza dirisha lilikataa kufunga, kisha ufa ukapanda ukutani mpaka ukaweza kupitisha kiganja. Nikamwita mhandisi, tukachimba lile shimo nililoliruka. Tulifika kimo cha mtu, na bado tulikuwa tunatoa mifuko ya nailoni, kandambili na vipande vya chupa. Mhandisi akapangusa mikono, akaniuliza mbele ya Mama Nafula hesabu zile alizipiga lini. Nilisema ukweli. Hakunitukana. Alisema tu nyumba ivunjwe yote, ya zamani pamoja na mpya, maana tulikuwa tumezifunga pamoja kwa boriti.

Wiki hiyo hiyo niliandika barua nikaomba jina langu litolewe kwenye orodha ya wasanifu waliosajiliwa. Ndiko kustaafu kwangu huko. Kanisani walinifanyia maombi ya shukrani, wakidhani ni umri, nami nikainamisha kichwa nikapokea baraka zisizo zangu.

Familia ilihamia Pipeline, mtaa wa maghorofa ya kupanga yaliyobanana, orofa ya tano, kwa kuwa ndiko walikopata nyumba haraka. Lifti hakuna. Barasa alikuwa akiketi kwenye korido, nguo za watu zikimdondokea maji, ukuta wa jengo la pili ukiwa karibu kiasi cha kuguswa. Nilimtembelea kila Jumapili. Kila mara aliniuliza kama wameanza kujenga upya, nami nilimjibu bado. Hakujua kosa ni la nani. Mkewe hakumwambia, na mimi sikuwa na ujasiri huo. Alizishuka ngazi zile mara moja tu, amebebwa na wanaume wanne, mmoja wao mimi.

Matangani Mama Nafula aliniita kando. Nilitarajia anilaani, na ningemshukuru.

"Tungetafuta mtu hatumjui," alisema, bila hasira yoyote. "Huyo hangetuhurumia. Angechimba."

Wastaafu wenzangu hupenda kuwataja watu waliowajengea. Mimi huyo mmoja ananitosha, na nimeshindwa kujisamehe. Bado watu hunishika mkono baada ya ibada na kuniambia, "Mzee, tuchoree kitu kidogo tu, wewe ni wetu." Nami huwaambia watafute msanifu asiyewajua hata jina. Huondoka wakinong'onezana kwamba Baba Sarah siku hizi ana roho mbaya, hasaidii tena watu wake.