Asubuhi Sita za Getini

Wateja wakiingia dukani kwangu Ruiru huniuliza fundi ako wapi. Mimi ndiye niliyeketi pale, miwani puani, solda ya kuungia waya mkononi, na hakuna mtu mwingine ndani, lakini bado wanauliza. Zamani nilikuwa nikiwajibu kwa ukali. Siku hizi nawaambia fundi ametoka, wangoje, kisha naendelea na kazi mpaka aibu iwashike wenyewe.

Mzee aliyekuja kutoka Kamenu hakuuliza. Alitua mezani DVR, ile mashine inayohifadhi picha za kamera za usalama, akaipangusa vumbi kwa kiganja.

“Mami,” akasema, “bibi yangu ako huku ndani.”

Nilimvutia stuli. Alinieleza polepole. Walikuwa na kamera moja tu, ya getini. Kila asubuhi mkewe alitoka kupokea maziwa, na kwa kuwa alijua mzee yuko sebuleni akimtazama kwenye runinga, aliinua uso kwenye kamera akamtolea ulimi. Mama wa kanisa, mwenye wajukuu! Picha zake nyingine zote amenuna, kitambaa kichwani, amesimama kama anayengoja kukemewa. Alipofariki, mzee akabaki na hizo za getini. Siku chache baada ya mazishi stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, na mashine ikaganda. Alikaa nayo wiki mbili akiiwasha na kuizima kabla ya mtu kumwelekeza kwangu.

Niliifungua. Kwa kawaida ningemwambia aende, nimpigie ikiwa tayari. Kazi hii huifanya peke yangu, kimya, na kusema kweli kila kitu huwa nafanya peke yangu. Binti yangu yuko ng’ambo, na nyumba yangu Kahawa Sukari ina vikombe sita ambavyo kimoja tu ndicho kinachooshwa. Lakini mzee alikuwa ameshaweka kofia gotini, nami sikutaka aondoke. Nikachemsha chai.

Kwanza nilichomoa diski yenye picha, nikaiweka kando. Hiyo ndiyo kanuni yangu, diski hutoka mwanzo na kurudi mwisho. Kisha nikaunga waya tatu kwenye bodi na kuzipeleka kwenye kompyuta, maana mashine isiyoonyesha chochote kwenye runinga bado huweza kuongea kupitia waya hizo. Ikiwaka inaandika kila inachofanya, halafu inahesabu tatu, mbili, moja, ikingoja kama kuna mtu atakayebonyeza kitufe. Asipotokea mtu, inaendelea na safari yake na kugandia palepale. Niliikosa mara mbili. Mara ya tatu nikaiwahi, ikasimama, ikanisikiliza.

“Haiya,” mzee akasema. “Kumbe ilikuwa inaita.”

Nikaanza kuipelekea programu mpya ya ndani, badala ya ile iliyoungua kwa stima. Kwa waya hizo mambo huenda kwa mwendo wa kinyonga, na mara ya kwanza ilikatika katikati, nikaanza upya. Tulikaa karibu saa mbili. Yeye alipuliza chai na kunihadithia jinsi mkewe alivyokuwa akibishana na mtu wa maziwa. Mimi nikamhadithia habari za binti yangu, na za wateja wanaomtafuta fundi, akacheka mpaka akakohoa. Sikumbuki mara ya mwisho nilipozungumza hivyo. Nilikuwa na furaha, na nilizungumza kama mtu aliyefunguliwa.

Mashine ikaamka. Nikarudisha diski. Orodha ya siku ikatokea, na mzee akahesabu kwa kidole asubuhi ishirini ambazo mkewe alikuwa bado hai.

Tarehe ya mashine ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, kama zinavyofanya mashine zote zikikosa stima. Mimi huirekebisha kabla ya kumrudishia mtu mashine yake, mkono wangu umezoea. Nilikuwa namwambia mzee jambo kuhusu nyumba yangu, nikaandika tarehe ya siku hiyo, nikabonyeza.

Mashine ile ilikuwa imeagizwa kutunza siku thelathini tu. Ilipojua leo ni lini, ikaona kwamba picha zake nyingi zimepita umri, ikaanza kuzifuta. Niliona orodha ikipungua. Nilivuta waya wa stima kwa nguvu hadi kikombe kikaanguka.

Kati ya asubuhi ishirini, zilibaki sita. Nilijaribu kurudisha zile nyingine mbele yake, kwa kila njia ninayoijua, na sikuweza.

Ningeweza kumwambia ni stima iliyoziharibu. Asingejua. Nilimwambia ni mimi, kwamba ningenyamaza kama nilivyozoea ningekumbuka kunakili kwanza. Mzee aliigeuza kofia yake mikononi.

“Sita si nyingi, mami,” akasema.

“Si nyingi, mzee. Nisamehe.”

Nilimnakilia hizo sita kwenye flashi. Tulitazama moja. Mama alitoka na kibuyu cha plastiki, akainua uso, akatoa ulimi. Mzee naye, bila kujua kwamba namwona, akatoa wake. Alinishukuru kwa adabu, akavaa kofia, akaenda. Hajarudi, na simlaumu.

Duka langu nalo lina kamera, juu ya mlango, na mashine yake hutunza siku thelathini. Nilikuwa sijawahi kuifungua, kwani ningeona nini humo zaidi yangu nikiingia na kutoka? Siku ya ishirini na tisa tangu mzee aje, kabla haijamfuta, niliifungua. Nikamwona mzee kwenye stuli akipuliza chai. Nikajiona nacheka, uso umegeukia kwake, na mkono wangu peke yake ukienda kwenye kibodi. Ni mchana nilipompotezea mtu mkewe mara ya pili, na sina mchana mwingine ambao kuna mtu ameketi nami.

Niliunakili. Safari hii nilinakili kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.