Kobe Alivyofikishwa Ziwani

Jirani yangu alikuwa mpagazi wa mlimani, na wenzake walimwita Kobe. Hakuwa mvivu. Alikuwa na mwendo mmoja tu, wa polepole, kutoka getini hadi kambini, na vijana waliompita asubuhi kwa mbwembwe aliwakuta mchana wamekaa juu ya mawe, ndimi nje. Tulipanga ua mmoja, chumba chake na changu vikitenganishwa na ukuta wa mbao. Mimi ni fundi wa mabegi. Mikanda ya mizigo yao ikikatika huniletea, na wakisubiri huzungumza. Mengi ya haya nimeyapata kwao, hasa kwa mpishi wao, mtu asiyejua kunyamaza.

Msimu ule Kobe alianza kukohoa kabla safari hazijaanza. Siku ya kuondoka, akifunga viatu kizingitini, mkewe alimsimamia na birika mkononi.

"Kifua hicho si cha kupanda nacho, mume wangu. Mwambie mdogo wangu akuache safari hii."

"Akiniacha hii, ameniacha na nyingine zote."

Mdogo wa mkewe ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara. Kijana mwenye msimamo, asiyependelea ndugu. Wapagazi walimheshimu kwa hilo, na walimwogopa kwa hilo hilo. Kwake yeye mpagazi akiteremshwa mgonjwa haitwi tena msimu ule, na msimu unaofuata huwa amekwisha kusahaulika. Mwenzao mmoja, waliyemwita Redio, aliteremshwa kwa sababu ya homa. Sasa anasukuma mkokoteni sokoni, na ukimuuliza habari za mlima anageuza uso. Kobe hakuwa na kazi nyingine aijuayo, na umri ulikuwa umeanza kumtupa mkono. Akajikaza kisabuni, akaenda.

Wageni hupanda na kiongozi kwa njia ndefu isiyo kali. Wapagazi hubaki nyuma kukunja mahema, kisha hukatiza kwa njia yao, fupi na ya mawe, na njia hizo mbili hukutana kwenye kona kabla ya kila kambi. Jioni kiongozi hutundika mzigo wa kila mtu kwenye mizani ya ndoano, ahakikishe hakuna aliyeonewa wala aliyemtupia mwenzake. Mizigo ikiwa sawa, ameridhika.

Siku ya kwanza tu, katikati ya njia yao, Kobe alikaa chini. Alihema kama mtu anayefukuzwa.

"Kobe, mbona unapumua kama mashine ya kusaga?" mpishi alimtania.

Kobe alijaribu kusimama, akarudi chini. Hapo utani ukaisha. Hawakujadiliana sana. Walifungua mzigo wake, huyu akachukua mahema, yule akachukua mafuta ya jiko, mpishi akatwika masufuria juu ya masufuria yake. Walipofika kwenye kona waliupanga tena kama ulivyokuwa, wakambebesha, wakamshika kiwiko mpaka aliposimama vizuri.

Kiongozi alikuwa amefika kambini kabla yao, jambo ambalo si la kawaida.

"Mmechelewa. Mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunamsubiri Kobe!" wakajibu kwa pamoja, na kambi nzima ikacheka. Naye alicheka. Akapima mizigo, akaikuta sawa, akaenda kuwasalimia wageni.

Ndivyo walivyofanya na siku ya pili. Kila mmoja aliumia mabega na hakuna aliyelalamika. Ukiwauliza leo watakwambia walikuwa wakimsaidia mwenzao, na ni kweli.

Siku ya tatu ndiyo ya ziwa. Ziwa lile limekaa ndani ya bakuli la mawe. Ili ulifikie unapanda ukingo hadi juu kabisa, halafu unashuka ndani. Na ukitaka kurudi nyumbani, hata uwe hoi vipi, lazima uupande ukingo ule tena. Kobe aliupanda akisukumwa kiunoni, bila hata fimbo mkononi. Kwenye kona ya juu ya ukingo akapewa mzigo wake. Alishuka nao akiyumba, na wageni waliokuwa wakipiga picha za maji wakageuka, wakampigia makofi.

"Huyo ndiye shemeji yangu," kiongozi aliwaambia. "Hajawahi kushindwa."

Kobe alitua mzigo, akaanguka juu yake.

Midomo ilikuwa imeiva rangi ya wino. Ukimwekea sikio kifuani ulisikia maji yakichemka. Kiongozi alipiga magoti.

"Shemeji, hali hii imeanza lini?"

Kobe aliwatazama wenzake. Mpishi akamwahi.

"Leo asubuhi tu, kiongozi. Nadhani ni baridi."

Kiongozi alitazama juu. Ukungu ulikuwa umeufunika ukingo wote, usione hata jiwe la jirani. Ugonjwa wa siku tatu angeuteremsha palepale, ukungu au la. Ugonjwa wa asubuhi aliuona unaweza kungoja. Akaagiza chai na mablanketi, akasema watamteremsha hali ya hewa ikitulia.

Ukungu haukutulia. Jua likielekea kuzama, Kobe alikohoa povu lenye damu kwenye mkono wa mpishi. Mpishi akatoka nje ya hema akilia kwa sauti.

"Tangu siku ya kwanza! Hajabeba kitu tangu siku ya kwanza!"

"Mbona mzigo wake nimeupima mimi mwenyewe?"

"Tuligawana. Tulikuwa tunamrudishia pale kwenye kona."

Kiongozi hakutukana. Alichomoa nguzo za hema, akazifunga na turubai, wakamlaza, wakaingia ukunguni wakipapasa. Kupanda kulimmaliza. Kila walipomwinua kichwa kipate hewa, alisema, "Nishusheni kidogo, nawachosha." Mara ya mwisho waliposimama kupokezana nguzo, ukingo ukiwa karibu kabisa juu yao, alikuwa amekwisha kata roho.

Baada ya mazishi kiongozi alikuja uani. Nilikuwa kwenye cherehani yangu, nikataka kuondoka, dada mtu akaniambia, "Kaa tu, jirani." Akampa mdogo wake kigoda.

"Walinidanganya, dada," alisema. "Laiti wangeniambia siku ya kwanza, angekuwa hai. Nakuapia."

"Ungemteremsha?"

"Palepale."

"Najua ungemteremsha." Alikunja kanga mapajani, taratibu. "Na baada ya kupona, ungemwita tena?"

Kijana alinitazama mimi, akautazama ukuta wa mbao, akazitazama kucha zake zilizojaa udongo wa kaburini. Dada yake alimsubiri. Kisha alinyanyuka, akaingia chumbani na kurudishia pazia.

Kiongozi alibaki kwenye kigoda mpaka giza likaingia. Mimi nikafunika cherehani.