Foto Aliyoikana Papa Symphorien

Pascaline Mwamba alijifunza kupiga picha Manono, katika studio ya mjomba wake, ambako ukutani palichorwa ndege kubwa nyeupe. Wachimbaji wa madini walisimama chini ya bawa lake na masanduku mikononi, wakazituma picha hizo kwa wazazi wao vijijini, na hakuna mzazi aliyedhani mwanawe kapanda ndege. Ulikuwa mchezo unaoeleweka pande zote. Alipohamia Kalemie, mji wa kando ya ziwa, na kufungua studio yake mtaani Kataki, aliuendeleza mchezo huo kwa njia ya siku hizi: ukitaka kusimama mbele ya theluji, kompyuta yake inakuwekea theluji. Ila chini ya picha ya namna hiyo huandika, "Imetengenezwa." Wateja wengine hununa. Yeye haoni sababu ya kubadilika. Kwenye picha za arusi, ubatizo na matanga haongezi kitu wala hapunguzi, hata kovu.

Basi aliitwa kupiga picha arusi ya Abigaël, binti wa Mama Adrienne, mfanyabiashara wa ndagala, wale dagaa wa ziwani. Familia hiyo ilitoka kaskazini mwa ziwa, na kaka wawili wa Mama Adrienne walijulikana bandari nzima kwa sababu hawasemeshani. Mama yao alipofariki kijijini, Papa Toussaint, yule mdogo, ndiye aliyezika. Papa Symphorien, mkubwa, alikuwa amekwama Kigoma, mota ya boti imekufa. Alipofika alikuta kaburi limeshafukiwa. Tangu hapo akaapa kwamba hana mdogo. Siku ya arusi waliketishwa pande mbili za ukumbi.

Wakati wa kutoa zawadi, watu wakisongamana kumtunza bibi arusi, Pascaline alipanda juu ya benchi ili aone vizuri. Kupitia lenzi akawaona wale ndugu wawili uso kwa uso, mikono yao imeshikana, shavu la Papa Symphorien limelowa. Akapiga. Watu wakapita mbele yao, na walipoondoka kila mmoja alikuwa anarudi kwenye kiti chake.

Mama Adrienne alipoiona picha hiyo alilia kwa furaha, akaituma kwenye grupe ya WhatsApp ya familia. Majibu yakamshangaza. Mpwa wake aliyeko Lubumbashi aliandika kwamba siku hizi kuna IA, akili ya mashine, inayoweza kuwashikanisha mikono watu ambao hawajawahi hata kuonana. Mwingine akasema ameyatazama sana macho ya Papa Toussaint, na si macho yake yale. Halafu Papa Symphorien mwenyewe akatuma sauti fupi, kwa Kiswahili cha kwao ambamo "ndiyo" ni "njo": "Ile foto njo ya mashini. Mimi sikumushika muntu mukono."

Maneno hayo yakatoka kwenye simu yakaingia sokoni. Mama mmoja aliyebatizisha mtoto akaja studio kuuliza, kwa upole, kama picha za mwanawe nazo zilikuwa za kweli. Swali hilo lilimchoma Pascaline. Akaichukua kamera hadi kwa Mama Adrienne, akamwonyesha picha ikiwa bado ndani ya kadi yake. Mama Adrienne hakuwa na shaka. Yule wa Lubumbashi, alipoelezwa, alijibu kwamba hata hiyo inaweza kubuniwa. Pascaline akaona hapo hakuna pa kufika. Walioshikana mikono ni watu, nao wako hai, wanakaa mji huuhuu. Akafunga studio, akaenda kwa Papa Symphorien.

Alimkuta uani akigeuza ndagala juani. Akapewa kiti, wakaulizana hali za nyumbani. Kisha Pascaline akasema, "Papa, sikukuja kugombana. Naomba useme mbele yangu: ile foto niliitengeneza?"

Mzee aliendelea kugeuza ndagala. Hatimaye alieleza kwamba kosa si la picha. Watu wakiiona watasema mkubwa ndiye aliyemwendea mdogo, na habari ya kaburi la mama imefutwa hivihivi. Aliposikia kuna mashine ya kusingiziwa, akaona amepata mlango wa kutokea.

"Sema kama njo yeye alinipa mukono wa kwanza," akamwambia. "Ukisema vile, nami nitaambia watu wote foto ni ya kweli."

Neno moja tu, na jina lake lingesafika. Pascaline hakusitasita.

"Sikuona nani alianza, Papa. Nilikuta mikono imeshashikana. Kitu sikuona siwezi kukisema, hata kama kinanisaidia."

Papa Symphorien akaacha ndagala zake, akaketi. Akakiri kwamba hata yeye hajui nani alianza. Umati uliwasukuma, akasikia sauti ya Toussaint ikimwita "yaya", yaani kaka mkubwa, kama alivyomwita walipokuwa wadogo, na mkono ukaenda wenyewe. Pascaline akampa picha aliyoichapa kwenye karatasi. Akaitazama sana, akapitisha kidole juu ya shavu lake lililolowa, kisha akaomba aletewe simu yake.

"Nilidanganya," akasema kwenye grupe. "Ule njo mimi, na ule mwingine njo mudogo wangu."

Jioni hiyohiyo Papa Toussaint alibisha hodi kwa kaka yake. Mama Adrienne, aliyekuwepo, alisimulia baadaye kwamba hawakukumbatiana. Waligombana, tena sana, juu ya mazishi yale: kwa nini hukunisubiri, na ningesubiri vipi na jua lile. Lakini waligombana wakiwa wamekaa pamoja, na walipochoka wakala. Kabla ya kuachana wakakubaliana kupanda boti kwenda kijijini kusimika msalaba mpya.

Walimwomba Pascaline awasindikize. Kaburini Papa Symphorien alimwomba kamera ibaki mfukoni, naye akaiacha mfukoni. Anayeuliza yaliyotokea pale humsimulia kwa mdomo. Picha alizoleta ni za safarini. Moja ilipigwa boti ikirushwa na mawimbi: imepinda, Papa Toussaint amefumba macho, Papa Symphorien ana muhogo mdomoni na anamkaripia mtu kuhusu mota. Wazee wakiwa bado kijijini, Mama Adrienne aliituma kwenye grupe vilevile ilivyo. Mpwa wa Lubumbashi aliandika kwamba wajomba wamezeeka, akauliza wanarudi lini.