Shuka Iliyoteleza

Mwanafunzi wangu Mjerumani, mama mtu mzima niliyekuwa nikimfundisha Kiswahili kwenye baraza ya nyumba moja Mji Mkongwe, aliniuliza tafauti ya haya na aibu. Nikamjibu upesi, maana miye husema kwanza nikafikiri baadaye: haya hukuzuia hujafanya, aibu hukupata ukishafanya.

Akaandika kwenye daftari neno la wazee wao wa kale, skama, lililozaa neno lao la leo la aibu. Wataalamu hawana yakini, akasema, lakini wengi wanadhani asili yake ni kufunika, kujisitiri.

Basi nikakosa utulivu. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. "Mwalimu, nimekosea?" Hakukosea kitu, maskini.

Mkosa ni mimi. Mwaka uliopita alifariki mama wa shoga yangu, niliyesoma naye Kurani chuoni tangu wadogo. Shoga aliniomba niwe miongoni mwa waosha. Maiti wetu hafunuliwi. Shuka inabaki juu, mkono unapita chini yake. Lakini shuka iliteleza, nikaona alama mwilini. Alama gani? Sisemi. Siku ile nilisema, na yaliyonikuta yananitosha. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na miye mwosha nikaipeleka jikoni kwa dada yangu: "Usimwambie mtu." Ebo! Mdomo wangu huu! Arubaini haijafika, Ng'ambo nzima, upande wetu wa mji, inayo habari. Shoga akaacha kunisalimia, na tangu hapo moyo wangu hautulii.

Somo nikalikatisha. Nikavuka Darajani, nusu nnakwenda nusu nnakimbia, mpaka mlangoni kwa shoga. Hodi! Kimya. Nikataka kurudi, miguu ikakataa. Hodi! Akafungua.

Maneno niliyoyapanga njiani yote yalinitoka. Nikalia tu. "Nsamehe, shoga. Nilimvua nguo mama yako."

Akaniingiza ndani. Halafu akanitandikia mkeka, akanitilia chai, akaniuliza hali ya watoto. Nikaona alhamdulillahi, yamekwisha. Pumzi zikanirudi, nikaanza hata kumchekesha kwa visa vya yule Mjerumani wangu, na akacheka kweli.

"Nshakusamehe zamani," akasema, huku akikiondoa kikombe changu. "Lakini nikifa, wewe usinioshe."