Mahindi ya Moshi ya Bi Mashavu

Sindeni nzima inajua kwamba Rukaya hali ovyo wala halishi ovyo. Mpe punje iliyoota ukungu, atakutajia ukoo wake kama anayetaja mashangazi zake. Kuna wa pinki unaoanzia nchani mwa hindi, wa buluu unaopenda ndimu na mikate, mweusi wa vitunguu, na ule wa kijani chenye umanjano, ambao ndio wenye sumukuvu, sumu inayoua ini polepole. Alijifunza Chanika, kwenye mafunzo ya wakulima, kwa afisa ugani Emiliana aliyewaletea hadubini. Wenzake walichungulia wakapisha, yeye akaing'ang'ania mpaka akaombwa aachie wengine. Ukungu wa buluu aliuona una vifagio. Ule wa kijani ulisimama na kichwa cha duara kilichojaa vumbi, mfano wa mrashi wa kunyunyizia marashi kwenye maulidi.

Mwaka jana nyumba yao ikapata zamu ya kulisha watu wa maulidi. Mama mkwe wake, Bi Mashavu, akashusha mahindi yake ya darini, juu ya jiko, yakiwa na maganda yaliyopiga weusi kwa masizi. Kwetu mahindi ya moshi ni heshima ya mwanamke, mdudu hayagusi. Lakini haya yalivunwa wakati wa mvua, yakapandishwa darini mabichi. Rukaya alipomenya hindi la kwanza, akauona ule wa kijani umejikalia kwenye viini vya punje. La pili vilevile. Ua ulijaa majirani waliokuja kupukuchua, na mkamwana hamkosoi mkwe mbele za watu. Akinyamaza, watoto wa kijiji watakula sumu. Akisema, amemvua nguo mama wa watu.

Akalificha hindi moja ndani ya kanga, akamwomba mama mkwe waingie jikoni.

Bi Mashavu alinuna. Alisema ametunza mahindi kwa moshi tangu Rukaya hajazaliwa, na yakioshwa yakapikwa vizuri hayana neno.

"Mama, moshi umeishia kwenye ganda," Rukaya akasema, akilifungua taratibu. "Huku ndani haukufika. Na sumu hii haitoki kwa maji wala kwa moto."

Bi Mashavu akapitisha kidole, vumbi la kijani likabaki kidoleni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mama huyu hakuwa mtu wa kuficha. Akatoka uani mwenyewe, akawaambia wanawake mahindi yake yameharibika, yafukiwe, hata kuku wasipewe. Wapo walioguna. Majirani wakachanga mahindi yao, na hakuna debe lililokwenda mashineni kabla Rukaya hajalikagua.

Usiku wa maulidi ukafika wakati wa kunyunyiza marashi. Mrashi wa nyumba ile miaka yote hushikwa na Bi Mashavu, hampi mtu. Safari hii alimwita mkamwana wake mbele ya wanawake wote.

"Shika wewe, mwanangu. Mkono uliowalinda watu hawa ndio utakaowanyunyizia."

Rukaya akaupokea, kifua kimemjaa fahari. Akaanza na mikono ya mama mkwe wake.