Utani Uliokatazwa Ghalani

Niliyoyaona na niliyoyasikia sitayachanganya. Nilifanya kazi ya ukarani katika ghala la korosho hapa Newala, kwanza chini ya chama cha ushirika, kisha, biashara ilipofunguliwa, chini ya mnunuzi binafsi aliyelikodi pamoja na sisi tuliokuwamo. Kwamba meneja aliyeletwa alikuwa ameagizwa kutupunguza, nililisikia, wala sikupata ushahidi wake. Kwamba alitukataza utani, nilikuwapo.

Nyapara wetu alikuwa Mmakua wa upande wa Lulindi. Makuli wake, karibu wote, Wamakonde wa huku juu. Makabila haya ni watani, na nyapara aliongoza watu wake kwa utani huo. Kuli mmoja mrefu ndiye aliyekuwa mtani wake mkuu.

"We Mmakonde, hilo gunia si mama mkwe wako. Likumbatie!"

"Unasema wewe, Mmakua uliyeshiba panya wa jana? Njoo ubebe mwenyewe, mtumwa wangu."

Wote walicheka, na gunia lilibebwa vizuri. Aliyeingiza korosho zenye unyevu aliulizwa kama ametupikia uji. Alizitoa akazianika upya, wala hakwenda nyumbani na aibu. Nyapara naye alipokosea alirudishiwa kwa njia hiyohiyo, mbele ya watu, na alijirekebisha. Katika utumishi wangu sijaona njia nyingine ambayo kuli angeweza kumwambia mkubwa wake, mchana kweupe, kwamba amekosea.

Meneja alisikia neno "mtumwa". Hakuwa mtu mbaya. Alitoka mbali, na alitaka kazi iwe na heshima. Alitukusanya, akakataza matusi, akatundika mlangoni sanduku la maoni. Mwenye neno, alisema, aliandike na kulitumbukiza humo. Jina si lazima. Nilimfuata ofisini nikamweleza utani ni nini.

"Mila naiheshimu, mzee," alinijibu. "Lakini kazini ni kazini."

Ghala likawa kimya. Watu walifika kwa wakati, wakasalimiana, shikamoo, marahaba, wakabeba. "Hii ndiyo nidhamu," meneja aliniambia. Ufunguo wa sanduku ulikuwa kwangu. Kila nilipolifungua lilikuwa tupu.

Mvua zilipoanza, magunia yaliyopangwa kugusa ukuta wa nyuma yaliota ukungu. Ukuta ule ulipenyeza maji, na kila kuli wa zamani alilijua hilo. Amri ya kuyapanga pale sikuisikia, kwa kuwa nilikuwa kijijini Mnyambe nikisimamia ununuzi. Lakini nyapara alikiri mbele yangu na mbele ya meneja kwamba aliitoa yeye, kwa haraka ya kuliwahi lori, bila kuukumbuka ukuta.

Meneja akamgeukia kuli mrefu, aliyeyapanga.

"Wewe hukuujua ukuta huo?"

"Naujua."

"Mbona hukumwambia nyapara wako?"

"Ningemwambiaje, bosi? Zamani ningemuuliza tangu lini Wamakua wanaogesha korosho. Siku hizi hilo ni tusi."

"Na sanduku?"

"Sanduku ni la kushtakiana. Mimi sina kesi naye."

Meneja alisema kwamba hasara ile lazima iwe na mwenyewe, na kwamba nyapara asirudi kesho. Nilimwambia kuwa mtu huyo nimefanya naye kazi tangu wakati wa chama, na kwamba zamani kosa hilo lingezuiwa kabla gunia la pili halijatua. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakubadilisha uamuzi.

Wapo wanaosimulia kwamba nyapara aliapa hatakanyaga tena Newala, na wengine kwamba alilia. Machozi sikuyaona, na kiapo sikukisikia. Nililoliona ni hili. Asubuhi alikuja stendi na mfuko mmoja. Kuli mrefu alikuwa pale. Aliupokea mfuko, akaupandisha juu ya basi, akarudi akampa mkono.

"Safari njema, mzee."

"Ahsante, bwana," nyapara alijibu.

Walisimama kidogo, kila mmoja kama anayengoja mwenzake aanze. Kondakta akapiga ubavu wa basi. Nyapara akapanda, na basi likashika njia ya Masasi.