Suruali ya Mpira ya Shemeji

Kaka yangu, fundi saa mwenye kitambi, alivua samaki mtoni miaka mingi kwa kaptula tu. Siku shemeji yake, mwembamba kama fito, alipokuja na suruali ya mpira yenye buti, inayofika kifuani, roho ilimuuma hadi akashindwa kula.

Dukani alikokwenda kununua yake, muuzaji alimwambia, "Mzee, vaa soksi nzito, kisha chuchumaa uone inavyokukaa."

"Nichuchumae, kwani hapa chooni? Nipe kama ya shemeji, saizi ileile."

Jumamosi, mtoni, samaki aliyenasa kwenye ndoana yake alipokaribia, aliinama amchote kwa wavu. Mshono wa suruali ukaachia, maji yakajaa ndani, samaki akaenda zake. Shemeji akamvuta ukingoni.

"Shem, si ungeniuliza? Mimi nilijaribu tano kabla ya kuchagua hii."

Kaka alikuwa akitazama magoti ya shemeji aliyechuchumaa kando yake, yalivyokunjika bila taabu.